Silaha Haina Kosa?

Hoja ya kwamba silaha haina kosa, mwenye kosa ni mkono ulioishika, nimeisikia tangu nikiwa mwanafunzi wa ualimu, na hadi leo husemwa barazani hapa Darajani kana kwamba imemaliza maneno. Mimi naiona imefika nusu ya njia.

Tuchukue ile mizinga miwili ya shaba iliyokaa miaka mingi mlangoni mwa Beit el Ajaib, kabla ya sehemu ya jengo kuporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Ni kazi ya Wareno wa karne ya 16. Inaaminika kuwa Waajemi waliiteka Hormuz mwaka 1622, na mwishowe ikafika kwetu. Kila aliyeipata ilimtii. Kweli basi, haina chuki na mtu. Lakini kisu hukata muhogo siku zote kabla hakijamdhuru mtu. Mzinga uliundwa kwa kazi moja. (Msomaji atanikumbusha mzinga wa kufuturu katika miji ya Kiislamu, na mizinga 21 ya heshima. Nakubali, ila hata heshima ile imeazima kishindo cha vita.)

Wanafunzi wa skuli niliowapeleka pale walipenda kuipanda kama farasi. Niliwashusha, nikawataka wasimame upande wa mdomo. Wakanyamaza. Nadhani makumbusho ya mizinga, popote yalipo, yangepangwa hivyo: mgeni aingilie upande wa mdomo.

Maana sisi tumewahi kusimama upande huo. Tarehe 27 Agosti 1896, kiasi cha saa tatu asubuhi, Waingereza waliipiga kasri aliyokuwamo Sayyid Khalid bin Barghash. Kasri nayo ilikuwa na mizinga, miwili kati yake zawadi ya Kaiser wa Ujerumani. Zawadi hiyo haikusaidia kitu. Saa moja haikutimia, mambo yakawa yamekwisha: upande wa kasri watu kama 500 wameuawa au kujeruhiwa, upande wa Waingereza baharia mmoja kajeruhiwa.

Vitabu vinazitaja manowari zote tano kwa majina: St George, Philomel, Thrush, Racoon na Sparrow. Watu vinawataja kwa hesabu. Na miongoni mwa waliokuwamo kasrini ni watumishi na watumwa, ambao hakuna aliyewauliza wanamtaka Sultani yupi. Amri ya kuufuta utumwa Unguja ilitolewa tarehe 6 Aprili 1897, miezi saba baadaye.