Hatia ya Mlinzi Aliyenyamaza

Ghala likiungua watu huuliza kwanza, “Nani aliyetia moto?” Swali hilo ni jema, walakini halitoshi. Yafaa kuuliza tena, “Mlinzi alikuwa wapi?” Je, kiongozi aliyechaguliwa na watu, ambaye hakuiba hata senti moja, aweza kuhukumiwa kwa kuwa hatari ilikuja naye hakuwaita wenziwe kushauriana?

Neno hili lilipata kuamuliwa katika Iceland, kisiwa cha mbali kaskazini, ambacho watu wake wengi ni Walutheri kama sisi. Mwaka 2008 walikuwa yapata 320,000 tu. Mabenki yao makubwa 3, Glitnir, Landsbanki na Kaupthing, yalikuwa yamekopa mno katika nchi za nje, hata hesabu ya mali zao ikawa kama mara 10 ya pato la nchi nzima kwa mwaka. Mwezi wa Oktoba mwaka ule yote matatu yakaanguka katika siku chache. Thamani ya fedha yao ikashuka, wengi wakakosa kazi, na waliokopa kwa fedha za kigeni wakaona deni lao limekua kupita nguvu zao. Januari 2009 watu wakakusanyika mbele ya Bunge wakipiga masufuria, hata serikali ikaondoka.

Bunge lilikuwa limeweka tume ya kuchunguza. Kisha, Septemba 2010, kwa kura 33 juu ya 30, likaamua kwamba Geir Haarde, aliyekuwa Waziri Mkuu, ashtakiwe. Mawaziri 3 waliotajwa pamoja naye wakaachwa. Baraza la hukumu liitwalo Landsdómur, lililowekwa mwaka 1905 kwa ajili ya mawaziri, halikuwa limepata kumhukumu mtu. Tarehe 23 Aprili 2012 likasema hivi: kwa mashtaka 3 hana hatia, kwa moja anayo, maana hakuliita baraza la mawaziri lishauriane juu ya hatari ile, kama katiba ilivyoagiza. Walakini hakupewa adhabu.

Wako wasemao kwamba hukumu isiyo na adhabu ni bure. Wako wasemao kwamba alionewa, mmoja akabebeshwa mzigo wa wengi. Neno hili la pili lina uzito. Waliopiga kura ni watu wa vyama, na mahali ambapo kura za vyama huchagua nani ashtakiwe na nani aachwe, kisasi chaweza kuvaa nguo ya haki. Kweli, mwaka 2017 mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya iliona kwamba haki zake hazikuvunjwa. Hata hivyo kuachwa kwa wale watatu kwabaki kuwa jambo la kufikiriwa.

Mimi naona hukumu ile ilipima vema. Haikusema kwamba mtu mmoja aliyaangusha mabenki, wala kwamba angaliweza kuyaokoa. Ilishika neno moja lililokuwa mkononi mwake: kuwaita wenziwe na kuwaeleza. Mtawala hahukumiwi kwa ajili ya mvua, ahukumiwa kwa ajili ya ufa alioacha kuuonyesha. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nao wajengao ukuta ni wale wasiopata kuambiwa habari za ufa.

Tena tusijisahau sisi wenyewe. Siku za neema ni nani apendaye kuuliza hesabu? Kiongozi hujifunza kunyamaza pale ambapo watu wamezoea kutouliza. Basi, kama mtunza hazina wa chama chenu au wa usharika wenu hajasoma hesabu kwa muda mrefu, msingoje kisanduku kiwe kitupu. Mwulizeni leo, kwa upole na mbele ya wote, maana swali la mapema humsaidia hata yeye, lakini swali lililochelewa huwa shtaka.