Wimbo Si Wangu, Ulimi Ni Wangu





Ndugu zangu, wazee wetu, mama zetu, swali la leo limeletwa na vijana, nami nawashukuru kwa kuliuliza msikitini badala ya kulimaliza wenyewe barabarani. Wanasema: sheikh, kuna wimbo una mdundo mtamu, kila mtu anaujua, umo kwenye simu zetu. Ndani yake mna neno la kutukana kabila fulani, au rangi ya watu fulani. Sisi hatukuutunga. Hatumchukii mtu. Tukiuitikia spika inapoupiga, tuna kosa gani?

Habari ya ala za muziki naiweka kando. Wanachuoni wamehitilafiana na vitabu vimejaa, na hata aliyeruhusu ngoma na gitaa hakuruhusu kinywa kitamke lolote. Swali ni la ulimi.

Nianze na ule udhuru, "sikuutunga mimi". Fungueni Surat An-Nur, aya ya 11 hadi ya 22, msome kisa cha uzushi aliozuliwa Bibi Aisha, mke wa Mtume na binti wa Abu Bakr, Mungu amridhie. Ilikuwa wakati wa kurudi kutoka vita vya Banu Mustaliq. Aliyeupika uzushi ule na kuuvalia njuga ni Abdullah bin Ubayy, mkuu wa wanafiki. Lakini walioubeba mtaa kwa mtaa hawakuwa wanafiki. Alikuwamo Mistah bin Uthatha, mtu aliyepigana vita vya Badr, jamaa yake Abu Bakr aliyekuwa akila kwa mkono wa Abu Bakr. Alikuwamo Hassan bin Thabit, mshairi wa Mtume (s.a.w.). Alikuwamo Hamna bint Jahsh. Hawa hawakubuni neno. Walilisikia, wakalisema.

Sasa itazameni aya ya 15. Mwenyezi Mungu hawalaumu kwa kutunga. Anawalaumu kwamba walikuwa wakilipokea jambo kwa ndimi zao, wakilitamka kwa vinywa vyao bila ya kulijua, nao wakiliona jepesi hali mbele yake Yeye ni zito. Hiyo ni hali ya mtu anayeitikia kibwagizo. Neno limetungwa na mwingine, kapokea, kapitisha, na moyoni anaona ni mchezo. Kama "sikutunga mimi" ingekuwa kinga, basi Mistah angekuwa wa kwanza kujikinga nayo.

Msidhani naelekea kusema zimeni simu zote. Mtume (s.a.w.) mwenyewe ametuonyesha njia, nami naona ni nyepesi kuliko tunavyodhani. Imo katika Sahih Bukhari, kwa mapokezi ya Rubayyi' bint Mu'awwidh. Siku ya arusi yake Mtume alikuja akaketi, na mabinti wakawa wanapiga dufu na kuwaimbia wazee wao waliouawa Badr. Mmoja akachomeka mstari wa kumsifu Mtume kwamba anajua ya kesho. Mtume hakunyanyuka kwenda zake, wala hakuwanyang'anya dufu. Alimwambia aliache hilo na aendelee na yale aliyokuwa akiyasema kabla. Mstari ukatolewa, wimbo ukaendelea, arusi ikaendelea. Na angalieni kwamba mstari ule ulikuwa wa sifa, tena sifa yake yeye. Sijui tutasema nini juu ya mstari wa tusi.

Najua kuna msomi hapa atakayenijibu kwa hadithi ya Bu'ath, naye ana haki. Bu'ath ilikuwa vita ya Aws na Khazraj, makabila mawili ya Madina, kabla ya Uislamu kuwapatanisha. Katika Bukhari pia imo kwamba siku ya Idi mabinti wawili wa Kiansari waliimba mashairi ya vita hiyo nyumbani kwa Bibi Aisha. Abu Bakr akawakaripia, na Mtume akasema waachwe, kwani kila watu wana sikukuu yao. Basi mbona mashairi ya vita vya makabila yaliimbwa nyumbani kwa Mtume?

Yaliimbwa, naam. Lakini wapokezi wa sira, akiwamo Ibn Ishaq, wametuachia kisa kingine cha mashairi ya Bu'ath. Mzee mmoja aitwaye Shas bin Qays alipita akawaona Aws na Khazraj wameketi pamoja wakizungumza kwa mapenzi, akachukia. Akamtuma kijana akae nao, awakumbushe Bu'ath, awasomee mashairi waliyotungiana siku zile. Kijana hakuyatunga mashairi hayo, aliyasoma tu. Punde wakaanza kujigamba, wakatukanana, wakaitana washike silaha wakutane nje ya mji. Mtume akawawahi, wakalia, wakakumbatiana. Wafasiri wengi wanasema aya za Aal Imran, kuanzia ya 100 hadi ya 103, ile ya kushikamana na kamba ya Mwenyezi Mungu, zilishuka kwa ajili hiyo.

Mashairi ya vita ileile yalikuwa sikukuu ya watoto nyumbani, na barazani yakakaribia kuwa damu. Kwa hiyo mwenye kuuliza kama wimbo huu unafaa aulize pia unaimbwa mbele ya nani, mahali gani, na majeraha ya watu yamepona kiasi gani.

Na sisi tuko Sake. Hapa ni njia panda: barabara moja inapanda Masisi, nyingine inakwenda Kitchanga, nyingine inafuata ziwa hadi Minova na Bukavu, na kilomita kama 25 nyuma yetu ni Goma. Mhunde, Mhutu, Mtutsi, Mtembo, Mnyanga, Mnande, Mshi, wote wanapita hapa na magunia ya makala na viazi, na wengi wamejenga hapa. Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021, watu wa Goma walifika kwa maelfu wakalala kwenye shule na makanisa. Mwaka 2024, na tena Januari 2025, ikawa zamu yetu kubeba magodoro na kukimbia vita. Majeraha ya hapa hayajapona, na mengine bado yanatoka damu. Kijana wa Nairobi au Dar es Salaam akiropoka kibwagizo cha kabila, labda atakutana na mtu aliyekereka. Wewe ukikiropoka hapa kwenye njia panda, asiyekujua atajuaje kama unaimba au unaita watu?

Historia yetu tunaijua. Machi 1993 mauaji yalianzia soko la Ntoto kule Walikale, yakaenea Masisi yote, na maelfu ya majirani zetu wakafa. Julai ya mwaka uleule, ng'ambo ya mpaka, nchini Rwanda, redio ya chuki ya RTLM ikaanza kurusha matangazo, na vijana waliipenda kwa sababu ilipiga muziki mzuri. Nyimbo za Simon Bikindi, mzaliwa wa mkoa wa Gisenyi, jirani zetu kabisa, zilipigwa humo mara kwa mara. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha ilimhukumu Bikindi miaka 15 tarehe 2 Desemba 2008. Na hapa vijana wenye bidii ya kusoma hunibana: sheikh, hakufungwa kwa nyimbo, alifungwa kwa maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani mwishoni mwa Juni 1994, akiwahimiza watu waue. Ni kweli. Mahakama ilikubali kwamba nyimbo zile zilitumika kuchochea chuki, lakini haikuthibitishiwa kwamba yeye ndiye aliyekuwa akizipeleka hewani mwaka ule.

Tafakarini hapo, kwa sababu hapo ndipo penye jibu la swali letu. Kama mtungaji hakubebeshwa kazi waliyoifanya nyimbo zake mwaka 1994, basi ziliifanya kupitia vinywa vya nani? Walikuwapo waliozipiga na walioziitikia. Hakimu wa Arusha alihitaji shahidi na ushahidi. Surat Qaf, aya ya 18, inatuambia kila neno lina mwangalizi aliye tayari, na yeye hahitaji kanda ya redio.

Wala tusijifariji kwamba hayo ni ya wasio Waislamu. Mhariri wa gazeti la Kangura, lililochapa zile "amri kumi" za chuki Desemba 1990, anaitwa Hassan Ngeze, Mwislamu, mtu wa Gisenyi. Amebeba jina la mjukuu wa Mtume na ulimi haukumsaidia. Na kwa upande wa pili, Waislamu wengi wa Rwanda walificha majirani zao majumbani na misikitini mwaka ule wa mauaji ya 1994, na hadi leo wanatajwa kwa hilo.

Nimeulizwa pia juu ya lile neno la nyimbo za kurap za Marekani, la kumdharau mtu mweusi. Vijana wanasema: sisi ni weusi, neno ni letu, nani atakasirika? Silitamki, mnalijua. Wenyewe waliotukanwa nalo hawajaafikiana. Chama chao cha kutetea haki, NAACP, ambacho ni cha zamani kuliko babu zetu, kililifanyia neno hilo mazishi mjini Detroit Julai 2007, jeneza na waombolezaji kabisa, na bado liko kwenye nyimbo. Lakini Mwislamu ana kisa kilicho karibu zaidi. Abu Dharr, sahaba mkubwa, alimtukana mtu kwa mama yake. Mapokezi mengine yanasema aliyetukanwa ni Bilal, mwadhini wa Mtume, na tusi lilikuwa weusi wa mama. Mtume alimwambia kwamba bado ana ujahili ndani yake. Abu Dharr hakujitetea kuwa ni utani. Miaka baadaye mtu alimkuta kule Rabadha amevaa joho, na mtumishi wake amevaa lilelile. Alipoulizwa akakieleza kisa hiki. Kijana wa Sake anayempenda Bilal hana sababu ya kuliimba tusi la aina ile kwa furaha, eti kwa kuwa limekuja na mdundo.

Wapo wanaoimba lugha wasiyoijua. Hao nawapunguzia lawama, siwaondolei. Surat Al-Israa, aya ya 36, inakataza kufuata usilo na ujuzi nalo, na masikio yataulizwa. Pale sokoni yupo anayekujazia nyimbo kwenye simu kwa franka chache. Unamwuliza bei, unamwuliza kama ni mpya. Mwulize pia inasema nini. Ukikuta inawaita watu nyoka, mende au vijidudu, ifute. Hata serikali yetu ina sheria ya tarehe 7 Juni 1966 ya kuadhibu ukabila na ubaguzi wa rangi, ingawa sijasikia imemfika muuza nyimbo.

Aliyekwisha kuimba mbele ya mtu akamwumiza, toba yake haiishii kwenye mkeka wa swala. Amwendee. Na wewe uliyeumizwa, urudi Surat An-Nur, aya ya 22. Abu Bakr aliapa kutompa Mistah chochote tena, kwa kuwa binti yake alikuwa amechafuliwa jina. Aya ikashuka kuwauliza wenye uwezo kama hawapendi Mungu awasamehe, na Abu Bakr akarudisha posho ya Mistah kama ilivyokuwa.

Limebaki la arusi, kwa maana vijana watanikimbilia nje waniambie hawana la kufanya, DJ ndiye anayechagua. Hapana. Aliyemlipa DJ ni baba, au mjomba, au kamati. Nimemwona mama mmoja akikusanya sahani, na kibwagizo kinachotaja watu wa kabila lake kikaitikiwa na uwanja mzima. Akaziweka sahani chini, akamshika mjukuu wake mkono, akaondoka bila kumwambia mtu. Walioitikia ni wale wale waliokuwa wamemwalika. Basi, wazee, siku mnapokubaliana na DJ bei ya mafuta ya jenereta, mwambieni na hilo. Akisema hawezi kuukata wimbo katikati, mkumbusheni kwamba sauti anaipunguza kila mara bwana harusi anapotaka kusema neno.