Kitanda cha Mboga na Kiu ya Mbuzi

Habaswein, kwenye barabara ya Garissa kwenda Wajir, haijui baridi ya kugandisha. Mbegu hutiwa ardhini mwezi wowote, kwa hiyo kalenda ya bustani haishiki baridi, inashika maji: mvua za gu kuanzia Aprili, za deyr kuanzia Oktoba, na jilaal, kiangazi kikali cha Januari hadi Machi. Nje ya mvua hizo, mboga hutegemea kisima.

Hapo kupanga bustani kunageuka kuwa suala la dini. Kitanda cha mita 10 za mraba katika joto hilo hutaka lita 50 au zaidi kwa siku, yaani jerikeni mbili na nusu za lita 20. Maji hayo yangewanywesha mbuzi kumi.

Madhehebu ya Kishafii, yafuatwayo na Wasomali wengi, yanaligusa jambo hili waziwazi. Mwenye kisima alichochimba katika ardhi yake hulazimika kutoa maji ya ziada, bila malipo, kwa mifugo ya wengine isiyo na maji mengine karibu. Kwa mazao ya wengine halazimiki. Sababu ni uzito wa roho: mnyama huteseka kwa kiu, ilhali mchicha ukinyauka, kilichopotea ni mali.

Ugumu umo katika neno ziada. Kwa upande wa mifugo, wanazuoni hulihesabu shamba la mwenye kisima kuwa sehemu ya haja yake. Mbele ya mtu mwenye kiu hawalihesabu. Basi anayeongeza kitanda anapunguza ziada, na sheria haimkamati. Dhamiri ndiyo inayobaki kumuuliza. Kupanda kwenyewe ni ibada, maana hadithi ya Mtume inahesabu kuwa sadaka kila anachokula ndege, mtu au mnyama katika mmea wa Mwislamu. Lakini sadaka hiyo haifai kumwagiliwa kwa maji ya mbuzi wa jirani. Ukubwa wa bustani upimwe kwa kina cha kisima wakati wa jilaal, si wakati wa gu.

Vitanda huchimbwa chini ya usawa wa ardhi, maji yasitoroke, na udongo hufunikwa kwa nyasi kavu. Sukuma wiki, kunde na bamia hutosha. Maua ya nyanya hupukutika joto likizidi. Maji ya udhu nayo yana nafasi yake. Kwa Mashafii, yaliyokwisha kutumika ni safi ingawa hayatwaharishi tena, hivyo mfereji mdogo kutoka kwenye mabomba ya msikiti unaweza kuyafikisha kwenye mashina ya kunde mara tano kwa siku, bila kugusa tone la mfugaji.