Hisani na Haki katika Ustawi wa Jamii

Katika mazungumzo yetu ya kila siku maneno "msaada", "hisani", "sadaka", "bima" na "haki" hutumiwa kana kwamba yana maana moja, kwa sababu mwisho wa yote huonekana kuwa mmoja: aliyekosa amepata. Lakini binadamu hapokei shilingi au kibaba cha unga peke yake. Hupokea pia jicho alilotazamwa nalo alipokuwa akipewa. Katika insha hii tumekusudia kuyapambanua maneno hayo ili tupate kujibu swali moja: jamii inapomtunza mzee, mgonjwa au maskini, je, inamfanyia hisani au inamtimizia haki yake? Swali hili haliwezi kuachiwa wataalamu wa fedha peke yao. Ni swali la utamaduni, maana namna taifa linavyowatunza wanyonge wake huonyesha ni akina nani linaowahesabu kuwa ni wenzetu.

Tuanze na hisani. Hisani ni wema atendao mtu kwa hiari yake, na wazee wetu waliusifu waliposema kwamba kutoa ni moyo wala si utajiri. Hapana jamii inayoweza kuishi bila hisani. Hata hivyo, hisani ina udhaifu uliomo ndani yake yenyewe. Kwa kuwa mtoaji ana hiari, leo atatoa na kesho atakataa, na mpokeaji hatakuwa na la kudai. Zaidi ya hayo, mpokeaji hubaki na deni la shukrani lisilo na kipimo wala mwisho. Siku atakapothubutu kutoa rai isiyompendeza mfadhili wake, ataulizwa: "Umesahau nani alikulisha?" Lugha yetu ina neno kamili kwa jambo hili, nalo ni masimango. Kusimanga ni kumkumbusha mtu wema uliomtendea ili kumdhalilisha. Wengi wetu tunawafahamu watu waliochagua kulala njaa kuliko kula chakula cha masimango.

Neno hili linatupatia kipimo. Haki ni kile ambacho mtu akikipokea hakuna awezaye kumsimanga kwacho. Mfanyakazi hasimangwi kwa mshahara wake, wala mwenye shamba kwa mavuno yake. Vivyo hivyo, kama matunzo ya mzee ni haki yake, hapana karani, kiongozi wala jirani awezaye kumwambia kwamba amefadhiliwa.

Wazo hili si geni kwetu, wala halikuletwa na meli. Waislamu wa pwani yetu wamepambanua zaka na sadaka kwa karne nyingi. Sadaka hutoka katika moyo wa mtu na haina kiwango. Zaka ni faradhi. Kwa fedha, kiwango chake ni sehemu moja katika arobaini, na wanaostahili kupewa wametajwa. Anayetoa zaka hatoi kilicho chake. Anatoa fungu la mwenziwe lililomo katika mali yake. Huko bara nako, katika kazi za ujima na msaragambo, aliyelimiwa leo alikwenda kulima kwa mwingine kesho. Kupokea hakukuwa aibu, maana kila mpokeaji alikuwa pia mtoaji aliyengoja zamu yake. Mwalimu Julius Nyerere, katika maandishi yake juu ya ujamaa ya mwaka 1962, aliieleza hali hiyo kuwa ndiyo bima ya Mwafrika wa zamani: mtu hakuhitaji kujilimbikizia mali kwa kuogopa uzee au ujane, kwa sababu jamii yake ilikuwapo.

Lakini tusijidanganye kwa kuyapamba ya kale. Matunzo hayo yaliwafikia wale waliokuwa na ukoo. Mgeni asiye na jamaa, mwanamke tasa, yatima aliyenyang'anywa urithi na baba zake wadogo, na bibi kizee aliyeshukiwa uchawi kwa sababu ya wekundu wa macho yake, hawa wote walijua kwamba mlango wa ukoo ulikuwa na kitasa. Hivyo basi, kazi ya dola ya kisasa si kuirudisha zamani kama ilivyokuwa. Kazi yake ni kuupanua ukoo hata uwe taifa, ili mtu atunzwe kwa kuwa ni raia na si kwa kuwa ana mjomba.

Mataifa mengine nayo yalipita njia ndefu kabla ya kufika hapo. Uingereza ilikuwa na sheria ya maskini tangu mwaka 1601, na sheria ya mwaka 1834 ilikusudia kwamba maskini mwenye nguvu asisaidiwe ila akiingia katika nyumba za kazi, ambamo mume alitengwa na mkewe na maisha yalifanywa magumu makusudi ili watu waogope kuomba. Ujerumani, chini ya Otto von Bismarck, ilichukua njia ya bima: bima ya ugonjwa mwaka 1883, na ya uzee na ulemavu mwaka 1889, wafanyakazi na waajiri wakichangia. Mwaka 1908 Bunge la Uingereza lilipitisha pensheni ya wazee wa miaka 70 na zaidi, ya hadi shilingi tano kwa wiki, lakini mzee alipimwa kipato chake, na aliyehesabiwa kuwa alizoea kukwepa kazi alinyimwa. Ilipofika taarifa ya William Beveridge ya mwaka 1942, na huduma ya afya kwa wote iliyoanza tarehe 5 Julai 1948, ndipo ilipokubaliwa nchini humo kwamba mgonjwa atibiwe bila ya kuulizwa kwanza kama ana fedha. Somo tunalolipata ni kwamba hata penye mali nyingi, masimango hayaondoki yenyewe. Huondolewa kwa uamuzi.

Sasa tuitazame nchi yetu. Mwaka 1964 Tanganyika ilianzisha Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi, ambao mwaka 1997 uligeuzwa kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, wenye kulipa pensheni. Hii ni njia ya bima, na heshima yake ni kubwa, kwa kuwa anayelipwa mafao amechangia. Lakini bima ya namna hii humfuata mwenye mshahara. Mkulima wa jembe la mkono, mvuvi, mama lishe na mchukuzi wa sokoni, ambao ndio wengi wetu, wamefanya kazi miaka arobaini bila ya kukatwa mchango wowote, kwa sababu hapakuwa na mshahara wa kukatwa. Je, tuseme hawakuchangia? Waliolilisha taifa kwa mahindi na samaki, wakalipa kodi katika kila mche wa sabuni walioununua, hao wamechangia, ingawa majina yao hayamo katika daftari la mfuko.

Kwa ajili ya watu wa namna hii imejaribiwa njia ya tatu. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii ulianzishwa mwaka 2000, na kuanzia mwaka 2012 chini yake ukawekwa mpango wa kunusuru kaya maskini. Mkutano wa kijiji huzitaja kaya zilizo duni, kisha huulizwa maswali juu ya nyumba na vitu walivyo navyo ili ipimwe kama wanastahili. Wanaochaguliwa huitwa walengwa. Hatuna sababu ya kuubeza mpango uliowapa watoto wengi mlo na madaftari. Lakini kwa kipimo chetu tunaona tatizo lake la kimaadili: ili mtu apate, ni lazima kwanza athibitishe mbele ya jirani zake kwamba hana kitu. Aliyepata hunong'onwa, aliyekosa kwa kuwa na bati moja zaidi hubaki na kinyongo, na ujirani, uliokuwa bima ya kwanza, huingia ufa.

Zanzibar ilitufunza njia nyingine. Tangu Aprili 2016 Serikali ya huko hutoa pensheni jamii kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 na masharti ya ukaazi. Kiwango cha mwanzo kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Fedha hizo ni chache, lakini uzito wake wa kimaadili si mchache. Mzee haulizwi ana nini wala watoto wake wako wapi. Huulizwa umri wake tu. Hawezi kusimangwa, kwa sababu anachopokea yeye ndicho anachopokea mwenziwe, na ndicho atakachopokea kijana anayemtazama, Mungu akimjalia umri.

Baadhi ya watu watapinga wakisema: kwa nini tumpe tajiri mwenye nyumba tatu, ilhali fungu ni dogo na wenye njaa ni wengi? Hoja hii ni nzito, na hatuwezi kuipuuza katika nchi isiyo na mali nyingi. Jibu letu ni kwamba dhiki ziko za namna mbili. Ziko zile ambazo kila binadamu hupita au huenda akapita: utoto, maradhi na uzee. Kwa hizi inafaa wote wapewe bila kuulizwa, na tajiri arudishe fungu lake kwa njia ya kodi. Na ziko zile zinazowapata baadhi tu, kama mafuriko, ulemavu au kufiwa na mlezi. Kwa hizi kuchagua hakuepukiki, lakini mchaguaji ana wajibu wa kuulizia uhitaji bila ya kumvua mtu nguo hadharani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo itapimwa hapo: si kwa idadi ya kadi tu, bali kwa namna asiye na uwezo wa kuchangia atakavyopokewa dirishani.

Wengine wanahofu kwamba haki italea uvivu, nao hutukumbusha methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo ni ya kweli, lakini tuisikilize vizuri. Amri iliyomo ndani yake inaelekezwa kwa mwenyeji: mpe jembe. Mwenyeji amekwisha kumlisha siku mbili bila kumhoji, na siku ya tatu ni juu yake kutoa jembe na mahali pa kulima. Anayemwambia kijana "fanya kazi" bila ya kumpa jembe ameikata methali katikati. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliposisitiza kwamba kila mwenye uwezo afanye kazi, liliwatoa watoto, wazee, vilema na wale ambao taifa lenyewe limeshindwa kuwapatia kazi. Haki na wajibu hutembea pamoja, na wajibu wa jamii hutangulia.

Kwa hiyo hatusemi kwamba hisani ife. Ibaki, kwa kuwa ziko huzuni ambazo sheria haiwezi kuzifariji, na jirani anayebisha hodi usiku na bakuli la uji hana mbadala. Lakini hisani isifanywe badala ya haki. Ustawi wa jamii utakuwa wetu kweli siku ambayo mzee wa kijijini atapokea fedha zake, akazihesabu, akaona zimepungua, akarudi dirishani kuuliza kwa sauti ya kawaida, na pale dirishani hapana atakayeshangaa.