Kukata Hedhi Si Kukata Tamaa



Twaulizwa mara kwa mara na waume: "Mke wangu alikuwa mtulivu, sasa hamaki hazimwishi, usiku halali, hulia pasi na sababu. Je, ana pepo?"

Jawabu letu ni hili. Aghalabu baina ya miaka 45 na 55 mwanamke hukatika hedhi, na miaka kadha kabla ya hapo homoni iitwayo estrojeni hupanda na kushuka, kisha ikapungua. Hapo joto humpanda ghafula, usingizi humruka, moyo humwenda mbio. Na baadhi yao huingiwa na huzuni nzito hata ikawa ni maradhi.

Watu wetu, badala ya kumpeleka kwa tabibu, humpeleka kupungwa; ngoma ikapigwa, mbuzi akachinjwa, mali ikapotea na ugonjwa ukabaki. Na wengine humwambia, "Wewe umekwisha."

Amekwisha nini? Qur'ani, katika Suratut-Talaq, aya ya 4, imewataja wanawake hawa kuwa wamekata tamaa na hedhi, ikawawekea eda yao ya miezi mitatu, haikuwasahau. Tamaa iliyokatika ni ya hedhi tu. Si ya mapenzi ya mume, wala ya heshima, wala ya rehema ya Mola wao. Hizo tumezikata sisi kwa ndimi zetu. Na sisi masheikh tuna fungu letu la lawama, kwani tumesomesha hukumu za hedhi, hatukusomesha la kufanywa ikikoma.

Mtazameni Bibi Maryamu. Uchungu wa kuzaa ulipomzidi, alitamani lau angalikufa kabla yake. Hakukaripiwa, wala hakuambiwa imani yake ni pungufu; aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji ya kunywa na tende za kula. Basi mke wako kwa nini apewe ngoma na matusi?

Sala na dua haziachwi. Lakini Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, na huzuni nayo ina matibabu. Mpeleke mkeo hospitali, mpunguzie kazi, msikilize pasi na kumcheka. Na akisema anatamani kufa, neno hilo usilale nalo hata asubuhi. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Alikuhifadhi ujanani, mhifadhi naye sasa.

Wabillahi tawfiq.