Je, Kushtuka ni Kukosa Imani?



Jumapili moja, katikati ya ibada, upepo ulibamiza mlango wa bati wa kanisa letu. Baba mmoja alijitupa chini ya benchi, na vijana wakacheka. Baada ya ibada mimi mchungaji wenu nilimwambia aongeze imani. Alinijibu kwa upole, "Mchungaji, nilikuwa chini tayari kabla sijakumbuka kama nina imani au sina." Jibu hilo lilininyima usingizi.

Tuangalie jinsi Mungu alivyotuumba. Ndani ya ubongo kuna sehemu ziitwazo mfumo wa limbiki. Jina hilo latokana na neno la Kilatini lenye maana ya pindo, kwa kuwa sehemu hizo zimezunguka kiini cha ubongo kama pindo la nguo. Daktari Mfaransa Paul Broca aliliandika mwaka 1878. Mojawapo ni amigdala, ndogo kama kokwa ya lozi, moja kila upande wa kichwa. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa usiku: akisikia kishindo hupiga kelele kwanza, huuliza baadaye.

Mtaalamu Joseph LeDoux wa New York, akichunguza panya, alionyesha kwamba sauti hufika kwa mlinzi huyu kwa njia mbili. Ile ndefu hupitia sehemu ya ubongo inayotambua sauti. Ile fupi hutangulia. Ndiyo maana moyo huenda mbio kabla akili haijasema, "Ni upepo tu." Jirani wa amigdala, hipokampasi, husaidia kukumbuka mambo yalitokea wapi na lini. Lakini kwa mtu aliyeponea chupuchupu, mlinzi anaweza kukesha miaka mingi, kana kwamba usiku ule haujaisha.

Je, hiyo ni dhambi? Someni 1 Wafalme 19. Elia, nabii aliyeshusha moto, alikimbia kuokoa maisha yake. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, kisha ndipo akasema naye.

Hata hivyo, ndugu zangu, tusijifiche nyuma ya ubongo. Wako wanaoshtuka bombani wakisikia tu jirani akisema lugha ya wale waliowachomea nyumba. Mshtuko huo wa kwanza hawakuuchagua. Lakini ile njia ndefu nayo hufika, na sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso inaweza kumtuliza mlinzi. Hapo ndipo tunapowajibika. Nimsalimu jirani huyu, au nimtukane? Mtoto aliyedondosha sufuria, nimpige au nimpakate? Hata Kaini alionywa akiwa bado na hasira tu, kabla hajaua.

Nilikwenda kwa baba yule, nikamwomba msamaha. Nanyi nawasihi: mwenzenu akishtuka, msicheke. Kaeni karibu naye, mwiteni kwa jina, mwambieni taratibu yuko wapi na yuko pamoja na nani. Hiyo nayo ni huduma ya kanisa.

Na ule mlango, wazee wameufunga kwa kamba.

Mungu awabariki.