Sitara na Ushahidi

Anayeosha maiti hasimulii alichokiona. Shangazi yangu alinifunza hivyo, nami nawafunza wasichana wanaonisaidia hapa Kisauni: nguo ya kusitiri haiondolewi, maji yanamiminwa juu yake, na kovu au kilema ulichokigusa unakiacha humo humo chumbani. Ni amana. Ndiyo maana picha ya Minamata, mji wa Japani, ilinikera nilipoiona mara ya kwanza.

Mama wa Kijapani yumo ndani ya hodhi la kuogea, amempakata bintiye aliye uchi, viungo vimepinda, macho yanatazama juu. Aliipiga Mmarekani, W. Eugene Smith, mwaka 1971. Mwaka uliofuata ikatoka katika jarida la Life. Nani alimruhusu mgeni kuingia bafuni?

Kumbe ni mama mwenyewe. Kuanzia 1932 hadi 1968 kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki kwenye ghuba yao. Ikaingia katika samaki, samaki wakaliwa na wavuvi na paka wao. Paka wakawa wanazunguka kama waliopagawa, kisha watu wakaanza kutetemeka na kupotewa na kauli. Binti huyu sumu ilimfikia angali tumboni. Wazazi wake walimwita hazina, wakiamini aliibeba sumu ya mama yake na kuwaokoa wadogo zake.

Na kiwandani nako kulikuwa na siri. Mwaka 1959 daktari wao, Hajime Hosokawa, alimlisha paka namba 400 chakula kilichochanganywa na majitaka ya kiwanda. Paka akaugua ugonjwa uleule. Wakubwa wakalifunika jambo hilo. Hosokawa alikuja kutoa ushahidi katika kesi ya waathirika mwaka 1970, yu kitandani hospitalini, miezi michache kabla ya kufa.

Kufunika kwa namna hiyo hakuna sitara ndani yake. Ni dhuluma juu ya dhuluma. Dini yetu imeharamisha kusengenya, lakini wanazuoni wamemruhusu aliyedhulumiwa amtaje aliyemdhulumu mbele ya anayeweza kumpatia haki, na kuficha ushahidi ni dhambi. Mwili wa binti yule ulikuwa ushahidi, naye hana kauli. Mama akautoa kwa niaba yake. Machi 1973 mahakama ya Kumamoto iliamua kwamba kampuni inawajibika.

Hata hivyo, shahidi akishasema huruhusiwa kwenda kwao. Binti alifariki mwaka 1977, na mwili wake ukaendelea kutundikwa kwenye maonyesho, kana kwamba kesi haijaisha. Mwaka 1998 Aileen Smith, aliyekuwa mke wa mpiga picha na mwenzake wa kazi, aliwaachia wazazi uamuzi juu ya picha ile, nao wakataka mtoto wao apumzike. Wapo wanaosema historia imepoteza. Mimi naona haki ya maiti ilikuwa imecheleweshwa miaka ishirini.

Hapa Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliacha sumu ya risasi ndani ya damu za watoto, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Wenye kamera wanakuja, na waje. Ila wewe unayepiga picha, kabla hujaondoka, mwandikie mzazi karatasi inayosema ni kwa neno la nani picha ya mwanawe itakoma kuonyeshwa.